Aliyemfungia Mama Mlango

Neno la kwanza nililoandika juu yake kwenye daftari ni hili: anafunga mlango. Mlezi huyu wa mama alikuwa na siku nne tu nyumbani kwetu Ibra, Oman. Ilikuwa saa saba na robo mchana, mama ameshalishwa, na nilipokwenda kumwona nikakuta kitasa hakizunguki. Nikagonga. Sauti ikajibu kutoka ndani, bila haraka, "Bado." Nikasema mimi ni binti yake. Sauti ikasema, "Najua. Bado."

Nilisimama nje dakika arubaini. Alipofungua, mama alikuwa kitako, mito mitatu mgongoni, uso umeoshwa. Hakukuwa na kitu cha kulalamikia. Hilo nalo nililiandika.

Jina alikuwa nalo, lakini kaka yangu alimwita Muuguzaji tangu siku ya kwanza, na yeye akalichukua kama cheo. Alitoka Tanga kupitia ofisi moja ya wafanyakazi. Kaka ndiye kafili wake, yaani mdhamini wake kwa serikali, na ndiye aliyekaa na mama. Mimi nafundisha Nizwa. Alhamisi nikimaliza darasa hupita njia ya Sinaw nikafika Ibra kabla ya magharibi, na Jumamosi alasiri hurudi. Kwa siku zilizobaki mama alikuwa mikononi mwa mtu tuliyempata kwa picha na karatasi mbili.

Mama alikuwa amepigwa na kiharusi. Upande wa kulia ulikufa na koo likasahau kumeza. Kiarabu alichokizungumza tangu alipokuja Oman kikamtoka chote, kikabaki Kiswahili cha Unguja cha usichana wake, na hicho chenyewe maneno machache kwa siku. Hospitali ilitupa mrija wa tumboni wa kumlishia, mashine ya kuvuta makohozi, godoro la upepo, na amri moja: mdomoni kisipite kitu, hata tone. Kinachopita mdomoni kitakwenda mapafuni. Alikuwa ameshalazwa mara mbili kwa homa ya mapafu, na daktari alituambia wazi kwamba ikimrudia mara nyingi hatatoka. Basi hilo ndilo nililokuwa nikililinda: mapafu ya mama.

Wodi ina daktari anayepita, ina muuguzi mkuu, ina mgonjwa wa kitanda cha pili anayeona kila kitu. Chumba cha nyumbani hakina jirani. Muuguzi wa kituo cha afya alikuja mara moja kwa mwezi, akapima, akanywa kahawa, akaenda. Mkaguzi aliyebaki alikuwa mimi, kwa siku mbili za wiki.

*

Mikono yake ilikuwa mipana na mikavu, kucha zimekatwa hadi nyama. Aliosha kwa sabuni ya mche mpaka kwenye viwiko, na muda wa kuosha aliupima kwa kusoma Alhamdu nzima kwa sauti ya chini. Akiingiliwa katikati alianza upya. Siku moja kaka alimwita mara tatu akiwa bombani, na mara tatu akarudi kwenye Bismillahi, mpaka kaka akakata tamaa akaja mwenyewe.

Kumgeuza mama alikuwa hodari kuliko wauguzi niliowaona wodini. Hakumvuta. Alimkunja goti, akaweka kiganja kwenye nyonga, akasema, "Haya bibi, tunakwenda Bara," na mama akaenda ubavu wa kushoto. Wa kulia ulikuwa Unguja. Mama alikuwa akimjibu, "Mpumbavu weye," na Muuguzaji husema, "Naam bibi, mpumbavu yupo, hajaondoka." Katika miezi yote aliyokaa kwetu sikuona kidonda hata kimoja mgongoni mwa mama, wala kwenye visigino. Nilitafuta. Kila Alhamisi nilifunua shuka nikatazama, na yeye alisimama pembeni mikono nyuma, kama mwanafunzi anayesahihishiwa.

Visigino vilikuwa na kisa chake. Katika kasha la mama mlikuwa na kanga mbili za zamani, alizokuja nazo kutoka Unguja, na sisi tulizihifadhi kama hati ya nyumba. Alhamisi moja nikazikuta zimekatwa vipande, zimekunjwa miviringo na kushonwa, ziko chini ya miguu ya mama.

"Nani kakupa ruhusa?"

"Mwenyewe," akasema, akimwonyesha mama kwa kidevu. "Nilimwonyesha taulo, akanuna. Nikamwonyesha kanga, akasema 'hiyo'. Mwulize."

Nilimwuliza mama. Mama akanitazama, akasema, "Ananinyima."

Nilipomwuliza ananyimwa nini, alikuwa ameshafumba macho. Neno hilo lilinikaa. Nilirudi nalo Nizwa, nikalala nalo, nikaenda nalo darasani.

*

Upande wa karatasi hakuwa mtu wa kuaminika, na hapa sina la kumpunguzia.

Cheti chake kilisema ni muuguzi msaidizi. Niliipiga namba iliyoandikwa chini ya muhuri wa chuo. Akapokea muuza simenti. Nilimsubiri amalize kumlisha mama, nikamwekea cheti mezani.

"Mwalimu," akasema. Ndivyo alivyoniita siku zote. "Hicho nilipewa na wakala pamoja na picha za pasipoti. Nilidhani kila mtu anapewa."

"Umesomea wapi basi?"

"Kwa mama mkwe. Alilala miaka sita. Yule alikuwa mkali, bibi huyu malaika."

Ukiwa mwaminifu utaona kwamba jibu hilo lina mambo mawili: alidanganya, na anaijua kazi. Mimi nililiona moja.

Lingine lilikuwa jedwali la kumgeuza mama. Nilikuwa nimelibandika ukutani mwenyewe, kila saa mbili mstari, aweke saa na upande. Ijumaa moja kabla hajatoka kwenda kwa wenzake, saa tatu za asubuhi, nikakuta mistari imejazwa mpaka saa nne za usiku.

"Sasa ni asubuhi. Hapa umeandika saa nne usiku, ubavu wa kulia."

"Ndiyo, maana ndio zamu ya kulia."

"Lakini hujamgeuza!"

"Nitamgeuza. Kwani mie nakwenda wapi? Alasiri nimesharudi."

"Na mchana ukiwa hupo?"

"Mchana utamgeuza weye, Mwalimu. Nimekuandikia, usije ukasahau."

Alisema bila ya kejeli, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Nilimweleza kwamba jedwali ni ushahidi wa kilichofanyika, si ratiba ya kitakachofanyika. Alitikisa kichwa kwa heshima, na wiki iliyofuata akajaza vile vile.

*

Watu walimpenda upesi. Siku za Jumatano kaka alikuwa akimwachia saa moja aende soko la wanawake, na alirudi ameshajua nani kazaa, nani kaachika na bei ya ubani. Simu yake aliiweka juu ya mto wa mama, sauti wazi, akazungumza na wanawe Tanga. Nilimwambia simu si ya chumbani. Akasema bibi anapenda kusikia mvua inavyopiga mabati. Lakini sisi tukiingia na simu zetu alitutoa, ati zinamchosha mgonjwa.

Alikuwa na hadithi ya wiki yake ya kwanza aliyoisimulia kwa kila mtu. Khalati, yaani mdogo wa mama, ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya kichochoro chetu, alimkaribisha kahawa. Kwetu kahawa ina adabu yake: kifinjani kidogo, kinajazwa robo, na mwenyeji humwongeza mgeni mpaka mgeni akitikise kifinjani kwa mkono wa kulia. Usipotikisa, hujatosheka. Hakuna aliyemwambia.

"Nikinywa, anatia. Nikinywa, anatia. Nikasema kumrudishia si adabu. Nilipofika cha tisa, moyo unapiga kama ngoma ya harusi. Nilidhani wanataka kuniua kwa heshima."

Khalati mwenyewe alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Na mimi nasema, Waafrika hawa wanapenda kahawa!" Naye kazaliwa Malindi, Unguja.

Khalati alikuwa mtu wa pili katika maisha ya mama. Walilala kitanda kimoja utotoni, wakaja Oman pamoja. Baada ya kiharusi alikuja kila siku, na mara nyingi alikuta mlango umefungwa. Muuguzaji alikuwa na sheria: baada ya kula, mgonjwa akae kitako robo tatu za saa, asiguswe, asilazwe, asiongeleshwe na watu wanne kwa pamoja. Khalati hakuipenda sheria hiyo.

"Nimemfungulia dadangu mlango wa nyumba hii kabla weye hujazaliwa," alimwambia siku moja kupitia tundu la ufunguo.

"Kweli bibi. Huu nitakufungulia mie. Baada ya dakika kumi."

*

Homa ilianza kurudi. Mara ya kwanza ilikuwa Jumapili. Kaka alinipigia simu darasani: mama anakohoa, joto limepanda, wako njiani hospitali. Akalazwa siku sita. Ya pili ilianza Jumatatu alfajiri. Ya tatu Jumapili tena.

Mimi ni mtu wa kuandika. Nilikaa na daftari, nikapanga siku zote za mama kwa safu, na matokeo yakawa wazi. Nikiwapo mimi, mama ni mzima. Nikishaondoka, baada ya siku moja au mbili, anaumwa. Nilipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Mlango uliofungwa, cheti cha uongo, jedwali la uongo, "ananinyima". Nilijua ninachokitazama.

Jumamosi moja asubuhi nilimkuta anamvuta mama makohozi. Alizima mashine, akaifungua chupa, akanisogezea puani.

"Nusa, Mwalimu."

Yalikuwa na michirizi ya kahawia. Harufu ilikuwa ya hiliki.

Ndani ya nyumba ile kulikuwa na mtu mmoja aliyekunywa chai ya hiliki mchana na usiku, kwenye kopo kubwa la bati, kando ya kitanda cha mama. Kopo lenyewe lilikuwa pale, linatoa moshi.

"Umempa chai yako," nikasema.

Hakukasirika. Aliifunika chupa, akaiweka chini.

"Jana mie nilikuwa wapi?"

"Sikuulizi habari ya jana."

"Mie nakuuliza. Jana Ijumaa. Nilikuwa wapi?"

Ijumaa ilikuwa siku yake ya mapumziko. Alikuwa akiondoka saa nne za asubuhi kwenda kwa wenzake wa Tanga na Mombasa, akarudi alasiri. Nililijua hilo. Lakini nilisikia ujeuri wa mtu aliyekamatwa.

"Kama unamtuhumu mtu, mtaje."

"Mie si wa kumtaja mtu katika nyumba ya watu. Mie nauliza nilikuwa wapi."

Mchana ule nilimwambia kaka atafute mwengine. Kaka kazaliwa hapa Ibra, na Kiswahili chake huvunjika akikasirika. "Wewe unakuja siku mbili, unatia wasiwasi nyumba kizima. Huyu mwanamke nzuri. Mama anamtaka. Khalas." Nikamwambia mama analalamika kwamba ananyimwa. Akasema basi, mpe mpaka mwisho wa mwezi.

*

Ijumaa iliyofuata niliamua kukesha mchana. Muuguzaji alipotoka alinikabidhi mama kama kawaida yake: amelishwa saa ngapi, amegeuzwa upande gani, makohozi yako vipi. Mlangoni aligeuka, akamtazama mama, akaenda.

Ijumaa zetu zilikuwa hivi. Baada ya sala wanawake wa ukoo wanakusanyika kwetu, na mimi, kwa kuwa ndiye binti, ninakuwa jikoni na sinia, na barzani na deli, birika la kahawa. Chumbani kwa mama hubaki Khalati. Sikupata kulifikiria hilo kuwa ni jambo la kuandikwa. Khalati hakuwa mlezi, wala mgeni, wala mtu wa kuwekewa safu kwenye daftari.

Siku ile nilipeleka sinia barzani, nikarudi kwa ushoroba bila viatu, nikasimama penye mlango wa mama. Ulikuwa wazi nusu.

Khalati alikaa ukingoni mwa kitanda. Mkono wa kushoto umeshika kidevu cha mama, wa kulia una kifinjani. Alikuwa akimzungumzia habari za harusi ya mtu aliyekufa zamani. Alimtia funda dogo, akamfuta mdomo, akajaza tena kutoka kwenye deli lililokuwa chini ya kitanda, na harufu ya hiliki ya kahawa yetu ikanifikia mlangoni. Na mama, ambaye kwangu hakutoa zaidi ya maneno matatu kwa siku, alikuwa amefumbua macho makubwa, ana furaha. Sikuwa nimeuona uso ule tangu augue. Kumbe alichokuwa akinyimwa ni hiki.

"Khalati, unafanya nini!"

Alishtuka lakini kifinjani hakikumwagika. "Nampa dadangu kahawa. Kwani nini?"

"Daktari amesema hata tone!"

"Daktari ndiye dadake? Mnamjaza kwa mrija kama dumu. Hajui chumvi, hajui tamu. Mimi nampa kidogo tu."

"Kidogo kiasi gani?"

Alikitazama kifinjani, na nikaona anahesabu kwa mara ya kwanza. "Leo vitano. Sijui. Hakutikisa."

"Nini?"

"Nilikuwa namngoja atikise. Hatikisi, basi namwongeza." Kisha akautazama mkono wa kulia wa mama, uliolala juu ya shuka kama kitu kilichosahauliwa hapo na mtu, na akakiweka kifinjani chini.

Mama alianza kukohoa. Niliiwasha mashine. Nilikuwa nimemwona Muuguzaji akiitumia mara nyingi, nikimchunguza kama hakosei, na bado mikono yangu ilishindwa kuunganisha mpira. Khalati alikaa sakafuni anasoma Ayatul Kursi. Wanawake barzani walikuwa wanaita, kahawa iko wapi.

Muuguzaji alirudi alasiri. Alinusa chumba, akatutazama mmoja mmoja, akaenda kuosha mikono. Mama alipata homa Jumapili, akalazwa siku tisa, akatoka.

*

Ningependa kuandika kwamba nilimwomba radhi. Nilimwambia kaka asitafute mtu mwengine. Alipouliza makohozi yalitoka wapi na hiliki, nikasema ni mgeni mmoja, hakujua. Kaka hakuuliza ni nani, na nadhani hakutaka kujua. Kwa Muuguzaji sikusema kitu. Nilimletea kitambaa cha gauni kutoka Nizwa, akakipokea kwa mikono miwili, akasema ahsante Mwalimu, akakikunja akakiweka ndani ya karatasi yake ile ile. Sikumwona akikishona.

Aliyelitengeneza jambo ni yeye. Alimsubiri muuguzi wa kituo, akamwuliza mbele ya Khalati kama inafaa kumpitishia mgonjwa midomoni pamba iliyochovywa kahawa ikakamuliwa mpaka ikauka. Muuguzi akafikiri, akasema midomoni tu, ulimi usifikiwe, na mgonjwa awe kitako. Tangu siku hiyo Khalati alipewa pamba yake moja kila alasiri. Muuguzaji alisimama juu yake kama askari wa forodha.

"Kamua, bibi."

"Nimekamua."

"Kamua tena. Mie nimekunywa kahawa yako tisa, naijua nguvu yake."

Na mlango wa Ijumaa, nani aufunge? Aliacha kwenda kwa wenzake. Hakuomba siku nyingine badala yake, na mimi, ambaye niliona kila kitu, hilo nililiona baada ya miezi miwili. Mama aliishi mwaka mmoja na kitu baada ya hapo, na homa haikumrudia. Alikufa Alhamisi alasiri, kwa moyo, akiwa ubavu wa Unguja. Aliyemfumba macho ni Muuguzaji. Mimi nilikuwa njiani, nimeshapita Sinaw.

*

Mkataba ulipokwisha, nyumba moja ya Sur ilimtaka. Wana binti wa miaka tisa ambaye tangu kuzaliwa hakai, hasemi, na humeza kwa shida. Mama wa binti alinipigia simu kuniuliza habari zake. Nilikuwa nimejiandaa kusema mema tu. Nikasema ni mtu mzuri, hodari, anamcha Mungu. Kisha, bila kujua kwa nini, nikaongeza: "Lakini mwangalieni."

Mwaka uliopita mama yule alinipigia tena. Yeye na mumewe walitaka kwenda Umra siku kumi, na hawajapata kumwacha mtoto hata siku moja. Muuguzaji alikuwa naye mwaka wa pili sasa. Alinisihi nije Sur, tuzungumze ana kwa ana. Nikaendesha gari.

Walinikaribisha chumbani kwa mtoto, kwa kuwa ndiko wanakokaa. Muuguzaji alikuwa ameketi kwenye kigoda, mtoto amelazwa juu ya mapaja yake, kichwa kwenye kiwiko, anamsugua mgongo kwa mviringo. Alikuwa amenenepa na ana miwani. "Shikamoo, Mwalimu," akasema. Kwa umri tunalingana, hakuwa na haja ya kuniamkia hivyo. Nikaitikia marahaba.

Mama wa mtoto hakuzunguka. "Mbele yake nakuuliza, ili kusiwe na maneno ya nyuma. Uliniambia tumwangalie. Tumemwangalia. Weye ulikaa naye kuliko sisi. Tumwachie binti yetu?"

Muuguzaji aliendelea kusugua. Hakuinua uso.

Nikasema, "Cheti chake ni cha uongo. Ukimpa karatasi ya kujaza, ataijaza kabla ya wakati. Usiitegemee." Mama wa mtoto akamgeukia Muuguzaji. Mkono ulikuwa umesimama juu ya mgongo wa mtoto. "Mama yangu aliugua mara tatu nikisema ni mkono wake," nikaendelea, "na kila mara yeye hakuwapo. Niliyekuwapo ni mimi. Nilipokwambia mmwangalie, nililijua hilo. Mwachieni mtoto. Na siku hizo kumi msimwachie mtu mwengine yeyote kuingia, hata jamaa. Hata mimi."

Mtoto alitoa sauti ndogo ya koo, na Muuguzaji akamwinamia, akaisikiliza mpaka ikaisha. Halafu akamnyanyua, akamweka begani, akasimama.

"Anakula sasa," akasema. "Mwalimu, toka nje tafadhali. Nafunga."